Hatua Kumi na Saba za Kununua Kitanda

Nchi ya Vyetini usiitafute kwenye ramani. Na ukiikuta mahali, hasa ukiikuta karibu na nyumbani kwako, usimwambie mtu kwamba mimi ndiye niliyekuelekeza. Mimi nasimulia tu.

Huko Vyetini, Rais alikalia kiti kwenye sherehe za kupanda miti, kiti kikavunjika. Mwili haukuumia sana. Iliyoumia ni heshima. Ikaundwa tume ya maprofesa tisa, ikakaa miezi kumi na mmoja, ikaleta ripoti ya kurasa mia sita. Ripoti haikusema kwamba kiti kilikuwa cha mbao iliyoliwa na mchwa. Ilisema kiti kilinunuliwa na mtu mwenye stashahada. Nchi nzima ikashika tama. Wiki hiyohiyo ukatoka Waraka Namba Saba: kuanzia sasa, yeyote anunuaye kitu kwa niaba ya umma, iwe meli au ufagio, sharti awe na shahada ya uzamili ya ununuzi, biashara na uchumi. Asiyekuwa nayo alipewa miaka miwili aipate au apishe wenye nayo.

Chuo Kikuu cha Taifa kikafungua milango. Watu mia nne na kumi na wawili wakajiandikisha kwa masomo ya Jumamosi, katika ukumbi wenye viti mia na hamsini. Viti vya nyongeza vilikuwa vimeombwa tangu miaka sita nyuma, na zamu yake ilipofika, kamati ya zabuni ya chuo haikupata akidi, kwa sababu wajumbe wake wote walikuwa humohumo ukumbini, wamesimama, wakisomea namna ya kununua viti. Makamu Mkuu wa Chuo naye alikuwamo, maana yeye ndiye aliyeidhinisha ununuzi wa chaki. Alisimama karibu na dirisha.

Aliyewafundisha alikuwa Daktari Zefania Mkumbwa. Alikuwa mtu mpole, wa miaka arobaini na kitu, shati lake limenyooka kwa pasi na maneno yake yamenyooka kuliko shati. Uzamivu wake ulihusu nadharia ya ununuzi, kurasa mia nne, na katika kuziandika hakulazimika kununua kitu. Nyumbani mkewe ndiye aliyekwenda sokoni, kwa kuwa mara mbili alizotumwa Zefania alirudi na vitunguu vilivyooza ndani na maelezo marefu kuhusu soko huria. Slaidi alizofundishia alizirithi kwa mwalimu wake, na huyo naye alizirithi kwa mwalimu wake, pamoja na makosa ya tahajia, ambayo kwa kukaa sana yalikuwa yamepata hadhi ya istilahi. Kiini cha slaidi hizo kilikuwa Hatua Kumi na Saba za Ununuzi. Ya kwanza ni kuunda kamati, ya pili kuiidhinisha kamati, ya tatu kuteua kamati ndogo ya kuishauri kamati, na kuendelea hivyo mpaka ya kumi na saba, ambayo ni kufunga faili. Zefania alizisoma kwa sauti ya mtu anayesoma wosia, na mpaka hapo maisha yake hayakuwa na doa.

*

Safu ya mbele, Jumamosi ya kwanza, aliketi mwanamke wa makamo mwenye daftari lililovikwa gazeti kama la mtoto wa darasa la nne. Jina lake Skolastika Ng'ingo, lakini Hospitali ya Mtakuja nzima ilimwita Mama Skola. Alikuwa boharia wao kwa miaka ishirini na sita. Shuka walizolalia wagonjwa, glavu walizovaa wauguzi, dripu, sabuni, mitungi ya hewa, vyote vilipita mikononi mwake kabla ya kufika wodini. Hakuna aliyewahi kumsifu kwa hilo. Watu huikumbuka bohari siku ikikosa kitu, na bohari yake haikukosa.

Zefania alipomaliza kusoma hatua zote kumi na saba, Mama Skola alinyanyua mkono. Aliomba radhi kwa kuchelewesha darasa, akauliza ni katika hatua ya ngapi ndipo mtu anafungua boksi kuangalia kilichomo.

Ukumbi ukacheka. Zefania alirudi kwenye slaidi, akazipitia moja moja. Hakuna hatua iliyofungua boksi. Akajibu kwamba ufunguaji wa boksi uko nje ya mawanda ya somo hili. Mama Skola akashukuru, akaandika hivyohivyo daftarini.

Jumamosi zilizofuata wenzake wakaanza kumuuliza yeye. Wakati wa chai walimzunguka, naye akawaeleza namna ya kujaza glavu maji na kuifunga mdomo ili uone kama inavuja. Namna ya kupiga goti juu ya godoro na kuhesabu hadi ishirini ili ujue kama sifongo yake ni ya kweli. Siku moja Zefania alipita hapo na kikombe chake. Aliona kitu ambacho hakuwa amewahi kukiona darasani kwake: watu waliokuwa wakiandika bila kuambiwa kwamba yatatoka kwenye mtihani. Alijiambia kwamba chai imemchoma ulimi. Haikuwa chai.

Mwanafunzi ambaye Zefania mwenyewe alimpenda alikuwa Erasto Pambamaji, kijana nadhifu kutoka Wizara ya Afya. Erasto hakuuliza. Erasto alikariri. Alikariri slaidi, namba za slaidi, na ile slaidi ya ishirini na tisa iliyosema tu "ukurasa huu umeachwa wazi kwa makusudi."

*

Mtihani wa mwisho ulikuwa na swali moja kubwa: taja na ueleze hatua za kununua kitanda cha wagonjwa.

Erasto aliandika kurasa kumi na nane, na katikati akaacha mmoja wazi kwa makusudi. Akapata tisini na nane.

Karatasi ya Mama Skola ilikuwa ya ukurasa mmoja. Zefania aliisoma ofisini kwake asubuhi ya Jumatatu, na alipomaliza akaisoma tena amesimama. Iliandikwa hivi:

"Kwanza nenda wodini. Muulize muuguzi anamwinuaje mgonjwa, na mgongo wake unamuuma upande gani. Pima mgonjwa mrefu kuliko wote, halafu ongeza shubiri. Lete kitanda kimoja tu, umlaze mlinzi mnene wa getini usiku kucha, na asubuhi usimuulize kama ni kizuri, muulize aliamka mara ngapi. Kitanda hakinunuliwi kwa macho ya mnunuzi. Kinanunuliwa kwa mgongo wa atakayekilalia."

Chini yake alikuwa ametaja hatua sita kati ya kumi na saba, akaandika: "Zilizobaki nimezisahau, samahani Mwalimu."

Mwongozo wa kusahihishia ulikuwa wazi: kila hatua na alama yake. Hatua sita ni sawa na alama thelathini na tano kwa mia, na kufaulu ni hamsini. Lakini mwongozo huohuo, kifungu cha mwisho, ulimruhusu mhadhiri kuongeza hadi alama ishirini kwa mawazo asilia. Katika historia ya Chuo Kikuu cha Taifa kifungu hicho hakikuwahi kutumika, kwa kukosa mawazo. Zefania alikitazama. Alijua kwamba katika karatasi mia nne na kumi na mbili hii ndiyo pekee iliyoandikwa na mtu anayejua kitu. Kalamu ilikuwa mkononi. Akakumbuka kicheko cha ukumbi, na wale watu wakati wa chai wameinamia madaftari. Akaandika 35, na pembeni: "Hakuna nadharia."

Lingeishia hapo, lingekuwa dogo. Lakini kabla ya kuifunga bahasha aliuweka ule ukurasa juu ya mashine ya kunakilia, akabaki na nakala. Alijiambia ni kwa ajili ya kumbukumbu.

*

Mama Skola alikuja ofisini wiki ya matokeo. Alibisha, akangoja aambiwe karibu, akakaa kwenye ncha ya kiti. Zefania alianza kumweleza utaratibu wa rufaa, fomu zake na mihuri yake, naye akasikiliza mpaka mwisho.

"Sina ugomvi na alama, Mwalimu," alisema. "Nilitaka tu kujua kama nilichoandika ni uongo."

"Si uongo, Mama. Ila hakina nadharia."

"Haya. Kama si uongo, nashukuru."

Akainuka, akamtakia kazi njema. Mwezi uliofuata alikabidhi funguo za bohari kwa Erasto Pambamaji, mbele ya mganga mkuu na keki iliyoandikwa jina lake kwa kukosewa. Baada ya wiki mbili alirudi hospitalini kwa mlango wa nyuma. Nafasi ya mhudumu wa usafi ilikuwa wazi, na hiyo, kwa wakati huo, ilikuwa bado haihitaji uzamili.

Ile nakala nayo haikukaa kwenye kumbukumbu. Chuo kilikuwa kikidai makala moja ya jarida ili kumpandisha mhadhiri cheo, na Zefania alikuwa amekaa miaka tisa bila makala. Aliuvika ukurasa wa Mama Skola utangulizi wa kurasa kumi, akauwekea mchoro wenye mishale, akauita Mkabala wa Mkumbwa. Jarida likauchapa. Sentensi za mama yule hakuzigusa hata moja, kwa sababu kila alipojaribu kuzibadilisha ziliharibika. Miezi minne baadaye aliitwa Profesa Mshiriki. Mkewe alichinja kuku wawili. Zefania alikula kipapatio kimoja, akainuka mezani.

*

Erasto alinunua vitanda mia mbili kwa Hospitali ya Mtakuja. Alifuata hatua zote kumi na saba bila kuruka hata nukta. Kamati iliundwa, ikaidhinishwa, ikashauriwa, na faili likafungwa kwa utepe. Wakaguzi walitoa hati safi, na mmoja wao, inasemekana, alilengwalengwa na machozi kwa uzuri wa viambatisho.

Vitanda vilikuja vya futi nne na nusu.

Hakuna aliyekuwa amekosea. Hatua kumi na saba hazikutaja popote kupima. Wagonjwa walilala magoti yakiwa juu, au miguu ikining'inia nje kama mihogo kwenye tenga. Serikali ilipotazama jambo hilo kwa undani iliona halina tatizo, likaandaliwa tamasha la uzinduzi hapohapo hospitalini. Waziri wa Afya alisimama chini ya turubai akasema:

"Ndugu wananchi, kitanda kirefu ni kishawishi. Mgonjwa akinyoosha miguu, atakuwa na haraka gani ya kupona? Kitanda hiki ni kitanda cha kisera. Kinamwambia mgonjwa: ndugu, hapa si kwenu."

Watu walipiga makofi. Kisha akaitwa mtaalamu aliyewafunza wanunuzi wa taifa, Profesa Zefania Mkumbwa, asome Mkabala wake kwa manufaa ya wote.

Zefania alipanda na makala yake. Kutoka jukwaani aliona ndani ya wodi, kwa maana milango ilikuwa imefunguliwa ili wagonjwa nao wafurahi. Kila kitanda, upande wa miguuni, kilikuwa kimeunganishwa na kibao kilichofungwa kwa kamba juu ya kreti la soda, na juu ya kibao kipande cha blanketi kimekunjwa vizuri. Kulikuwa na mwanamke amechuchumaa, anakaza kamba ya kitanda cha mwisho, dekio na ndoo viko kando yake. Alipogeuka, Zefania alimtambua.

Alianza kusoma. Hakuona njia nyingine. Alisoma "nenda wodini", alisoma "mgongo wake unamuuma upande gani", na sauti yake ikawa inapungua kama redio inayoishiwa betri. Mama Skola alikuwa amesimama sasa, amekuja mpaka mlangoni na dekio lake, anasikiliza kwa makini kama alivyokuwa akisikiliza safu ya mbele. Zefania akafika penye "Kitanda hakinunuliwi kwa macho ya mnunuzi", na hapo akakwama. Akatazama karatasi, mistari ikawa inaogelea. Turubai zima likangoja. Waziri akakohoa.

"Kinanunuliwa kwa mgongo wa atakayekilalia," alisema Mama Skola kutoka mlangoni, taratibu, kama unavyomkumbusha mtoto aliyesahau shairi mbele ya wageni.

Makofi yalilipuka. Waziri alishika kipaza sauti akatangaza kwamba nchi sasa imefika, maana hata wahudumu wa usafi wanamsoma Profesa. Akaagiza mama yule apewe kanga. Wakamvisha hapohapo mabegani, yenye picha ya kitanda. Alishukuru. Alimtazama Zefania kidogo tu, bila hasira, jinsi mtu anavyotazama boksi lenye lebo isiyolingana na kilichomo.

Zefania alisema, "Ahsanteni," akashuka.

*

Kwa siku tatu hakwenda kazini. Mkewe alipomuuliza alimwambia yote, na mkewe alitoka nje akaanua nguo ambazo hazijakauka. Siku ya nne Zefania aliiandikia Seneti ya chuo barua fupi. Alisema maneno ya makala ile ni ya Skolastika Ng'ingo, kwamba aliyachukua kwenye karatasi yake ya mtihani baada ya kumfelisha kwa makusudi, na kwamba aliomba yeye aadhibiwe na mama arudishiwe haki yake.

Kamati ya Maadili ya Taaluma ilikaa kwa kasi isiyo ya kawaida. Mwenyekiti wake, Profesa Tindwa, alimpokea Zefania kwa soda. Alimweleza kwamba kamati imelinganisha maandishi hayo mawili mstari kwa mstari, na kwa masikitiko imethibitisha kwamba ni kweli, wizi umetendeka. Karatasi ya mtahiniwa Ng'ingo ina sentensi sita zinazofanana neno kwa neno na makala ya Profesa Mkumbwa iliyochapishwa kwenye jarida linalotambulika.

Zefania akasema mtihani ulifanyika miezi mitatu kabla ya makala.

"Hilo ndilo linalotutisha," alisema Profesa Tindwa. "Mtu kunakili kazi iliyokwisha andikwa, hilo tunalijua. Huyu amenakili kabla."

Kamati ilipendekeza alama za Mama Skola zishushwe kutoka thelathini na tano hadi sifuri, na afungiwe kusoma chuo chochote nchini. Barua ya Zefania ilikuwa imesajiliwa kama lalamiko, kilichobaki ni yeye kutia saini kama mlalamikaji. Alipofungua mdomo, mwenyekiti akashusha sauti, akamkumbusha kwa upole kwamba mhadhiri akikutwa na kosa, shahada zote alizosahihisha hubatilika. Ni watu mia nne na kumi, tukiondoa waliofeli. Erasto alikuwamo. Waziri alikuwamo. Makamu Mkuu wa Chuo alikuwamo, na yeye Tindwa alikuwamo, tena alipata sabini na moja tu na hakulalamika. Wakampa siku kumi na nne za kutafakari.

Alizitumia kumi na tatu kutafakari, na aibu yangu kusimulia ni kwamba alitafakari kweli. Alipiga hesabu ya cheo chake, ya nyumba ya chuo wanayoishi, ya jina lake kwenye mlango. Siku ya kumi na nne alikwenda Mtakuja.

Alimkuta Mama Skola chumba cha sabuni. Alimwambia kila kitu, akiwa amesimama, kuanzia kalamu mpaka mashine ya kunakilia mpaka soda ya Profesa Tindwa. Hakujitetea. Mwishoni alisema amekuja kumwomba msamaha.

Mama Skola alikamua kitambaa, akakitandaza kwenye ukingo wa ndoo.

"Nilijua siku ileile pale mlangoni," alisema. "Nilifikiri utasema. Nilikupa nafasi useme."

"Niliona aibu, Mama."

"Umechukua kazi yangu, ukachukua maneno yangu. Sasa umeniletea aibu yako nikuwekee. Hiyo sina pa kuiweka, Profesa. Bohari walishaichukua."

Akachukua ndoo yake, akatoka, kwa sababu wodi namba tatu ilikuwa imetapikiwa.

Zefania alirudi chuoni kwa miguu. Kwenye masijala ya kamati alimkuta karani mmoja, mwanamke kijana mwenye miwani, anafunga kazi. Akaomba fomu ya malalamiko. Penye jina la mlalamikaji aliandika Zefania Mkumbwa. Penye jina la mlalamikiwa aliandika Zefania Mkumbwa. Karani aliingiza kwenye kompyuta, akasubiri, akaingiza tena, kisha akamgeuzia kioo aone mwenyewe: mfumo haukubali jina moja mara mbili.

"Weka la mtu mwingine yeyote hapo kwa mlalamikiwa," alimshauri kwa huruma. "Wenzako wote hufanya hivyo, wakaenda zao nyumbani."

"La mwingine sina."

"Basi itabidi umngoje mtaalamu wa mfumo. Na nafasi yake haijajazwa. Wanatafuta mwenye uzamili."

Zefania akauliza angojee wapi. Karani akamwonyesha benchi la koridoni, mbele ya ofisi zote, mahali ambapo kila apitaye humwona aketiye. Alikwenda akaketi hapo. Kesho yake alikuja tena, na keshokutwa. Wanafunzi walipita wakimwamkia, "Shikamoo Profesa," wakamuuliza anangoja nini. Mwanzoni alijibu kwamba ana shida ndogo na fomu. Siku ya tatu alisimama, akawaambia aliiba maneno ya mama mmoja mhudumu wa Hospitali ya Mtakuja, na anangoja kushtakiwa. Wakacheka, wakasema Profesa ana utani. Akawaambia tena.